Mwalimu Matao na Koti la Saruji

Poleni nyote kwa msiba, na asanteni kwa kuja. Ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani. Marehemu hakupenda wasifu mrefu. Tukiwa makaburini kama hivi alikuwa akininong'oneza, "Huyu msomaji anataka tumfuate marehemu?" Nitajitahidi nisichoshe. Lakini kuna wasifu aliouchukia zaidi, ule wa marehemu ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe. Alisema watu wa namna hiyo hajawahi kukutana nao wakiwa hai. Kwa hilo nitamtii, hata kama kuna wa kuninunia.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Matao, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa tarishi wa posta na mama alishona sare za wanafunzi. Tuliishi vyumba viwili nyuma ya ukuta wa shule kongwe, na kengele ya shule ndiyo ilikuwa saa ya nyumbani. Mama alisimulia kwamba dada alitoka tumboni kengele ya mapumziko ikilia, ndiyo maana akawa mtoto wa kutokukaa chini.

Shule ile siwezi kuiruka, maana maisha yake na ya jengo lile yalishikana kama kitambaa na bitana. Ilifunguliwa mwaka 1889. Aliyeichora alikuwa msanifu mzaliwa wa upande wetu huu, aliyetuachia majengo manne ya shule katika miji minne kabla ya karne ile kwisha. Picha yake hakuna aliye nayo. Kilichobaki ni alama yake, jiwe dogo juu ya mlango mkubwa lililochongwa bikari iliyopanua miguu. Watoto walimwita Mzee Matao kwa sababu ya varanda ya mbele na matao yake saba ya matofali. Kila kizazi kimekimbia chini ya matao hayo kikipigiwa kelele kisikimbie.

Dada alianza darasa la kwanza Januari 1958. Sasa Mzee Matao alikuwa ameyaweka madirisha yote ya darasa upande wa kushoto, tena juu, ili mtoto aone mbingu asione barabara, na ili mwanga umjie kutoka kushoto, kalamu iwe mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisifunike maandishi. Hesabu nzuri kabisa, isipokuwa dada alikuwa wa shoto. Aliandika ndani ya kivuli cha mkono wake mwenyewe. Siku moja akaligeuza dawati likatazama nyuma, akampa mwalimu kisogo, akaendelea kuandika bila wasiwasi.

"Una wazimu gani wewe?" mwalimu akamuuliza.

"Sina wazimu, mwalimu. Nafuata mwanga."

Alichapwa, hilo lilikuwa halina mjadala siku zile. Lakini kesho yake mwalimu yuleyule alimhamishia kona ya nyuma, ambako ukuta mweupe ulikuwa unarudisha mwanga kidogo upande wa kulia. Dada alikuwa akisema kwamba tangu hapo alikuwa na ugomvi na Mzee Matao, na kwamba huwezi kugombana na mtu kwa muda mrefu hivyo bila kumjua vizuri. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1964, sekondari ya wasichana mwaka 1968, na chuo cha ualimu Novemba 1970, masomo yake yakiwa hisabati na uchoraji.

Kituo chake cha kwanza cha kazi kilikuwa mji wa jirani, kuanzia Januari 1971. Huko ndiko alikompata shemeji yetu, na namna alivyompata lazima niiseme, hata kama mwenyewe amekaa hapa mbele ananikodolea macho. Mwaka 1975 upepo uliezua paa la shule, akaletwa kijana mjenzi kulirudisha. Dada alikuwa akifundisha chini, kijana yuko juu ya kenchi na nyundo yake. Dada akauliza swali la eneo la pembetatu. Darasa kimya. Akauliza tena, kimya. Mara jibu likatoka darini, tena jibu sahihi. Dada hakuinua hata kichwa. Akasema, "Aliye darini anyooshe mkono kwanza." Watoto wakaangua kicheko, na kutoka juu ukateremka mkono mmoja mweusi tii kwa vumbi la paa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976. Walijaliwa watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja, na hadi mwezi jana bado alikuwa akimwambia mumewe anyooshe mkono kabla ya kusema.

Mwaka 1979 alihamishiwa shule yake mwenyewe, ile kongwe, na hapo ndipo jina la Matao lilipomhamia yeye. Darasa jipya la kwake halikuanza na kitabu. Aliwatoa watoto varandani, akawapa uzi, msumari na chaki, kila mmoja achore tao sakafuni, kisha alilinganishe na lile la juu ya kichwa chake. "Mlichochora nyinyi kitaanguka," aliwaambia. "Sasa tutafute kwa nini." Nikitazama hapa naona wahasibu, manesi, dereva mmoja wa lori na mheshimiwa mmoja ambao wote walichora matao ya kuanguka. Januari 1988 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu.

Sasa nafika pale ambapo wasifu wa kawaida ungesema "aliiongoza shule kwa mafanikio makubwa" ukapita. Mwaka uliofuata shule ilikuwa inatimiza miaka mia moja, na wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Kuta za Mzee Matao zilikuwa za matofali yaliyoshikwa kwa chokaa na kupakwa chokaa, na chokaa ikizeeka ina madoa, inapukutika, inakuachia unga begani ukiegemea. Dada aliona aibu. Alitaka shule ing'ae. Akamwita mjenzi aliyemwamini kuliko wote, yaani mumewe, wakakubaliana kuta zote zipigwe plasta ya saruji, ndani na nje, kuanzia msingi hadi chini ya paa. Kazi ilifanyika kwa ufundi wa hali ya juu. Nilikuwepo siku ya sherehe. Jengo lilikuwa laini kama nguo iliyotoka kupigwa pasi, na dada alitembea chini ya matao yale amevaa suti ya kijani niliyomshonea, kichwa juu. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yake.

Mvua tatu zilitosha. Mwaka 1992 kuta zikaanza kutoa jasho. Ukungu ukapanda nyuma ya mbao za kuandikia, rangi ikavimba malengelenge, watoto wa madarasa ya nyuma wakawa wanakohoa mfululizo. Mwaka 1993 ukuta wa nyuma ukapata ufa ambao ungeweza kuingiza mkono. Mhandisi wa wilaya alikuja, akapima, akasema kweli kama alivyoiona, kwamba ukuta umelowa hadi ndani, matofali yamelainika, na hawezi kuwahakikishia wazazi usalama wa watoto wao. Bodi ya shule ikaamua jengo lote libomolewe likizo ijayo, yajengwe madarasa mapya. Wengi walisema potelea mbali, jengo limekula chumvi nyingi, liende. Dada alirudi nyumbani akakosa usingizi. Kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua: jengo lililosimama karne nzima bila kuugua, limepata ugonjwa gani ndani ya miaka mitatu?

Akaamua kwenda kuwaona ndugu zake. Namaanisha ndugu wa jengo, zile shule nyingine tatu za Mzee Matao, na mimi nikabebeshwa mkoba. Ya kwanza ilikuwa imeungua zamani, tukakuta msingi na majani. Ya pili ilikuwa imevunjwa, mahali pake pana kituo cha mafuta. Ya tatu ilikuwepo, lakini haikuwa shule tena. Ilikuwa ghala la magunia. Mlinzi wake alituomba radhi kwa hali ya jengo, akasema halijawahi kupata hata senti ya matengenezo. Chokaa ilikuwa imepukutika nusu, rangi hakuna, matao yamejaa viota. Dada aliusogelea ukuta akaweka shavu. Kisha akageuka akauegemea mgongo wote, akafumba macho, akakaa hivyo hadi nikaona haya mbele ya mlinzi.

"Nipapase mgongo," akaniambia alipoachana na ukuta. Blauzi ilikuwa imejaa unga mweupe.

"Dada, umejichafua."

"Sikuulizi uchafu. Pamelowa?"

"Pakavu kabisa."

Akakaa juu ya gunia akalia. Nilidhani ni furaha. Akasema, "Mdogo wangu, jengo letu halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linapumua, mimi nikaliziba pua."

Alinieleza njia nzima kwa lugha ya cherehani, akijua ndiyo ninayoisikia. Ukuta wa chokaa hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha jua likitoka huyatoa tena, kama shati la pamba. Saruji ni koti la mpira. Maji yaliingia kwa chini na kwenye nyufa ndogondogo, yakakosa pa kutokea, yakabaki yanauozesha ukuta kwa ndani. Shule ya ghalani ilipona kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa za kuipendezesha.

Kikao cha bodi kilikuwa cha wazi, wazazi wamejaa hadi madirishani. Angeweza kulaumu saruji, au mvua, au mumewe. Alisimama akasema, "Jengo hili halijachoka. Limevikwa koti la mpira, na aliyelivika ni mimi. Naomba nipewe muda nilivue."

Mwenyekiti alimwonea huruma. "Mwalimu, fikiri kwanza. Maneno haya yakifika juu, kazi yako iko mashakani."

"Nimeshafikiri, mwenyekiti. Jengo likivunjwa kwa kosa langu na mimi nimebaki na kazi yangu, nitaifanyia wapi?"

Mhandisi, ambaye hadi leo tunamshukuru, alikubali kumsikiliza. Akawahamisha watoto kwenye mahema uwanjani, akabandika vipande vyembamba vya kioo juu ya kila ufa. Akaeleza kwamba kioo hakina uvumilivu. Ukuta ukisogea hata kidogo, kitakatika. Vikidumu hadi mwisho wa kiangazi cha pili, jengo litabaki. Kikivunjika hata kimoja, tingatinga linaingia. Mji mzima ukawa roho juu. Watu walikuwa wakienda sokoni wanapitia kwanza shuleni kuchungulia vioo.

Nyumbani nako hakukukalika. Shemeji alikuwa amesikia mbele ya umati kwamba kazi yake bora kuliko zote inabanduliwa. Hakupiga kelele. Alimwambia neno moja tu: "Ungeniambia mimi kwanza." Dada alikubali kwamba hapo alikosa, akaomba msamaha, lakini asubuhi akachukua nyundo na tindo akaenda kubandua. Walimu walimsaidia, wazazi wakaja kwa zamu. Yale mawazo ya nyumbani yalimuuma kuliko mikono yake, na mikono ilikuwa imechubuka. Jumamosi ya tatu shemeji akatokea langoni. Alisimama akamtazama mkewe anavyohangaika, tindo ameishika kama kijiko. Mwisho akashindwa.

"Utajivunja kidole wewe. Lete hapa."

"Nyoosha mkono kwanza," dada akasema.

Akanyoosha. Kuanzia siku hiyo alibandua saruji yake mwenyewe, ukuta hadi ukuta, na ninavyomjua, ilimuuma kila pigo. Vioo vilidumu. Mwisho wa kiangazi cha pili, mwaka 1995, mhandisi alipitisha kidole juu ya kila kimoja, akageuka akasema, "Haujatembea." Nawaambia, nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kuta zikapakwa chokaa upya, watoto wakarudi ndani, na lile ghala la magunia nalo likatengenezwa kwa njia hiyohiyo, leo ni shule tena.

Dada hakubandua yote, hata hivyo. Katika ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya kiti, aliacha kipande cha saruji kama ukubwa wa mlango. Kila mvua kilitoa jasho, kila mwalimu mkuu mpya alikiulizia, na dada hata baada ya kustaafu, Machi 2011, alienda kukieleza mwenyewe. Jambo hili ndilo pekee ambalo yeye na shemeji hawakuelewana hadi mwisho. Shemeji alimwomba miaka yote akiondoe. "Nikiingia ofisini pale naiona aibu yangu imetundikwa kama kalenda," alisema. Dada alimjibu, "Si yako. Wewe ulishika mwiko, mimi nilishika kalamu. Kiache." Shemeji alikiacha, shingo upande.

Tarehe 2 Septemba 2019 dada alipatwa na kiharusi akiwa jikoni. Maisha yalinusurika, lakini upande wa kushoto ulilala, na ule mkono wa shoto aliofundishia umma huu haukuamka tena. Miezi ya mwanzo alivunjika moyo, hatuwafichi. Kisha akaomba ubao na chaki, akaanza kujifunza kuandika kwa mkono wa kulia, herufi kubwa za darasa la kwanza. Siku moja wajukuu walimpeleka shuleni kwenye kiti cha magurudumu, akaomba asogezwe kwenye dawati lake la zamani la kwanza, lile la mbele. Akaandika jina lake. Akatazama karatasi, akatazama madirisha ya kushoto, akacheka kicheko kilichopinda upande mmoja. "Mwanga umenifaa," akasema. "Mzee Matao kanishinda."

Mwezi wa tano mwaka huu moyo ulianza kuchoka. Madaktari na manesi walimhudumia kwa upendo, na familia inawashukuru. Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa moja asubuhi, mumewe amemshika mkono wa kulia. Alikuwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wakwe, wajukuu saba, kaka mmoja na mimi. Wanafunzi wake hawana idadi. Ameacha pia mume, na kwa habari ya mume nina nyongeza ambayo haimo kwenye programu mlizoshika, kwa kuwa zilikuwa zimeshachapwa.

Jana asubuhi shemeji alitoweka nyumbani. Tulimtafuta kwa jirani, kwa fundi wa jeneza, hadi kanisani. Nikapata wazo, nikaenda shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa alikuwa amekaa nje ya ofisi yake mwenyewe, ufunguo mkononi, anafuta machozi. Ndani nilisikia nyundo. Shemeji ana miaka sabini na saba na magoti mabovu. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, anabandua kile kipande taratibu, asiumize tofali hata moja. Nilimwambia, "Shemeji, dada alikataa."

Hakugeuka. "Nilimtii miaka thelathini," akasema. "Alisema hili kosa ni lake. Sasa nani anataka azikwe, lenyewe libaki ukutani?"

Nikavua viatu nikamsaidia kukusanya vipande. Chini ya saruji matofali yalikuwa meusi kwa maji. Nilitaka tupake chokaa papo hapo, akanikataza, akasema hapana, ukuta uachwe wazi kwanza, utakauka wenyewe. Vile vipande amevileta. Ndivyo vilivyo ndani ya ule mfuko miguuni pake, na vitatangulia kaburini, chini kabisa, kabla yake.

Kwa hiyo mkimwona shemeji ana unga mweupe wa ukuta ule kwenye nyusi leo, msimfute. Mwacheni nao hadi tumalize.

Dada, shemeji amenyoosha mkono. Lala, upumzike kwa amani. Ukuta wako unakauka.